Mishahara ya kikapu: Bujumbura inahitaji sakafu kabla ya dari

Na Mwandishi Wetu, Bujumbura

Jumamosi ya Machi 9, 2024, wachezaji wa Dynamo ya Bujumbura waliingia uwanjani mjini Pretoria, Afrika Kusini, wakiwa na utepe kifuani. Utepe huo ulifunika maandishi ya mdhamini, "Visit Rwanda", yaliyokuwa kwenye jezi za timu zote za Ligi ya Kikapu ya Afrika, BAL. Hakuna klabu ya Burundi iliyowahi kufika hatua hiyo kabla yao. Wakawafunga wenyeji, Cape Town Tigers, kwa pointi 86 dhidi ya 73.

Kesho yake walitakiwa kucheza na FUS Rabat ya Morocco. Ligi ikashikilia kwamba jezi zivaliwe kama zilivyo, bila utepe. Dynamo haikucheza. Jumanne ilikuwa zamu ya Petro de Luanda ya Angola, nayo ikapita vilevile. Mechi mbili zilizopotezwa mezani zilitosha kuitoa timu mashindanoni. Msimu wao wa kwanza wa BAL ulidumu siku nne.

Yameandikwa mengi kuhusu siasa ya jezi ile. Burundi ilikuwa imefunga mpaka wake wa nchi kavu na Rwanda miezi miwili tu kabla, Januari 2024, na maandishi yale kifuani yalikuwa na uzito ambao timu ya Angola au ya Morocco isingeuhisi. Hilo lina wenyewe. Lakini kulikuwa na swali la pili ambalo halikupata nafasi kubwa magazetini, nalo ni swali la kazi tu. Mchezaji amesajiliwa kwa ajili ya mechi za Pretoria. Yuko mzima, yuko tayari, viatu vimefungwa. Hachezi, kwa uamuzi ambao hakuutoa yeye. Je, mshahara wake unaendelea? Bonasi ya kufuzu hatua inayofuata, ambayo sasa haiwezekani tena, inahesabiwaje? Hasara ni ya nani: klabu, shirikisho, ligi, au yeye mwenyewe?

Jibu la maswali hayo haliko kwenye hotuba wala kwenye taarifa kwa vyombo vya habari. Liko mkatabani, kama mkataba upo, na kama aliyeuandika alifikiria siku ya namna hiyo.

Tangu BAL ilipoanza mwaka 2021 mjini Kigali, pesa imeingia katika kikapu cha ukanda huu kwa kasi ambayo kanuni hazijaifikia. City Oilers ya Uganda imefika. Nairobi City Thunder ilikuwa klabu ya kwanza ya Kenya kufika, mwaka 2025. Dar City ya Tanzania ikapata tiketi ya msimu wa 2026. Kila klabu inayofika huko hutafuta wachezaji wa kulipwa kutoka Marekani, Senegal au Sudan Kusini, na bei ya mchezaji mmoja mzuri wa ndani hupanda nayo. Klabu yenye mfuko mdogo hubaki ikitazama vijana wake wakiondoka. Ndipo linapotajwa neno ambalo kila shabiki wa NBA analijua: ukomo wa mishahara.

Kwa klabu za Bujumbura, kama Urunani au New Stars, wazo hilo lina mvuto. Kama kila timu ingeruhusiwa kutumia kiasi kilekile, mwenye mfuko mnene asingeweza kununua ubingwa. Ni hoja nzuri. Tatizo ni kwamba wengi wanaoitoa wanaijua nusu moja tu ya ukomo wa NBA, ile nusu ya juu.

DARI ILIYONUNULIWA

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, NBA haikuwa tajiri. Klabu kadhaa zilikuwa karibu kufilisika, na wamiliki wakawaendea wachezaji wakitaka matumizi ya mishahara yafungwe. Chama cha wachezaji kilikubali mwaka 1983, lakini hakikukubali bure. Kiliuza ukomo kwa bei: wachezaji wahakikishiwe asilimia 53 ya mapato ya ligi. Ukomo wa kwanza, msimu wa 1984-85, ulikuwa dola milioni 3.6 kwa kikosi kizima. Msimu wa 2025-26 ulifika dola milioni 154.6.

Ile asilimia ndiyo moyo wa mpango wote. Dari haikutokana na hisia za mtu kuhusu mishahara kuwa mikubwa mno. Ilitokana na hesabu ya mapato, na mapato yakipanda nayo hupanda. Kwa makubaliano ya sasa, wachezaji hupata kati ya asilimia 49 na 51 ya mapato yanayohusu kikapu. Ili hesabu hiyo iwezekane, wamiliki lazima wafungue vitabu vyao vya fedha mbele ya wachezaji. Sehemu ya mshahara wa kila mchezaji huzuiwa katika akaunti maalumu mpaka msimu uishe, hesabu ifungwe, na ijulikane nani kazidishiwa na nani kapunjwa.

Chini ya dari kuna sakafu. Klabu ya NBA hairuhusiwi kulipa chini ya asilimia 90 ya ukomo. Tajiri mchoyo hawezi kujificha nyuma ya kanuni, akalipa robo ya wenzake na kuweka faida mfukoni. Kila mchezaji pia ana kima chake cha chini kulingana na miaka aliyotumikia ligi, na nyota ana kima chake cha juu: asilimia 25, 30 au 35 ya ukomo, kwa kufuata miaka hiyohiyo.

Na dari yenyewe ina milango. Klabu inaweza kuuvuka ukomo ili kumbakiza mchezaji wake, kanuni ambayo mpaka leo inaitwa kwa jina la Larry Bird wa Boston. Anayevuka sana hutozwa kodi ya anasa. Msimu wa 2025-26 kodi hiyo ilianzia dola milioni 187.9. Makubaliano ya mwaka 2023 yakaongeza adhabu isiyolipika kwa pesa. Klabu inayopita mstari wa pili, uliokuwa dola milioni 207.8 msimu huohuo wa 2025-26, hupoteza haki za usajili: haiwezi kuunganisha mikataba ya wachezaji wawili ili kubadilishana na mchezaji mmoja ghali, wala kuongeza fedha taslimu kwenye mabadilishano. Wamiliki waliokuwa wakicheka na kodi wameanza kuuza wachezaji.

Watoto wa ukanda huu wameonja kanuni hizi kwa ulimi wao wenyewe. Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam alichaguliwa wa pili kwenye drafti ya mwaka 2009, na Memphis Grizzlies. Hakuwa na haja ya kubishana sana juu ya mshahara. Tangu katikati ya miaka ya 1990 anayechaguliwa raundi ya kwanza hulipwa kwa jedwali, nafasi yake kwenye foleni ndiyo bei yake. Bismack Biyombo wa Lubumbashi alikuwa Toronto msimu wa 2015-16 kwa mshahara usiofika dola milioni 3. Kiangazi cha 2016 pesa mpya za televisheni zikausukuma ukomo kutoka dola milioni 70 hadi 94 kwa mkupuo mmoja, klabu zikawa na pesa zisizo na pa kwenda, na Biyombo akasaini Orlando mkataba wa miaka minne wa takriban dola milioni 70. Alikuwa amecheza vizuri, ndiyo, lakini kalenda ilimchezea vizuri zaidi. Baada ya hapo ligi ilijifunza, na sasa ukomo haupandi zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka.

Halafu kuna Jonathan Kuminga, mzaliwa wa Goma. Mwaka 2025 mkataba wake na Golden State Warriors uliisha, lakini hakuwa huru kamili: kanuni iliipa klabu yake haki ya kulingana na ofa yoyote ambayo klabu nyingine ingempa. Klabu nyingine, zikijua hivyo na nyingi zikiwa hazina nafasi chini ya ukomo, hazikumletea ofa ya aina hiyo. Alibaki na njia mbili, kukubali dola milioni 7.9 za mwaka mmoja kisha awe huru kabisa, au kukubali masharti ya Warriors. Mvutano ulikula kiangazi chote. Mwishoni mwa Septemba alisaini mkataba wa miaka miwili wenye thamani inayoweza kufikia dola milioni 48.5, mwaka wa pili ukiwa kwa hiari ya klabu. Ni pesa nyingi sana, na bado mwenye kalamu ya mwisho hakuwa yeye.

Kanuni hizi hazikushuka kutoka mbinguni. Zimepiganiwa. Mwaka 1998 wamiliki walifunga milango, na msimu ukabaki na mechi 50 kwa kila timu badala ya 82. Mwaka 2011 wakafunga tena. Zikachezwa mechi 66. Kila mara walioketi upande wa pili wa meza walikuwa wachezaji wenye chama, mawakili na akiba ya kuwavusha miezi bila mshahara. Ukomo unaowekwa na upande mmoja wa meza ni amri ya bei, na mchezaji hana cha kufanya ila kuipokea.

MIFUKO ISIYOFANANA

Chukua sasa dari hiyo uilete Afrika Mashariki. Swali la kwanza ni: mshahara ni nini?

APR ya Kigali ni klabu ya jeshi la Rwanda. REG ni ya kampuni ya umeme. Mombasa kuna timu ya Mamlaka ya Bandari ya Kenya, KPA, na Nairobi kuna Ulinzi Warriors, timu ya wanajeshi. Mchezaji wa timu za aina hii anaweza kuwa mwajiriwa wa taasisi yenyewe, mwenye cheo, bima, likizo na pensheni. Ukiuliza klabu inatumia kiasi gani kwa mishahara ya kikapu, jibu linaweza kuwa kidogo sana, maana mshahara unatoka idara nyingine. Ukomo ungeipita taasisi hiyo bila kuigusa. Ungeibana klabu ya mtaani, ile inayoishi kwa michango ya wapenzi na mdhamini mmoja, ambayo kila senti yake inaonekana.

Ufilipino, nchi inayopenda kikapu kama huku tunavyopenda soka, ina uzoefu wa miaka mingi. Ligi yao, PBA, iliweka kima cha juu cha mshahara kwa mchezaji mzalendo, peso 420,000 kwa mwezi. Kwenye karatasi, nyota wote hulipwa sawa. Nje ya karatasi, tuhuma za malipo ya pembeni hazijawahi kuisha: kazi ya heshima katika kampuni tanzu, mkataba wa matangazo, nyumba. Ufilipino ina kampuni kubwa nyuma ya timu, televisheni na wahasibu. Bujumbura, ambako malipo mengi bado hupita mkononi, kuificha bahasha ni rahisi zaidi.

Kuna na suala la fedha yenyewe. Mei 2023 Benki Kuu ya Burundi iliishusha thamani faranga, dola moja ikatoka takriban faranga 2,100 hadi takriban 2,800. Soko la kando halikungoja. Kufikia mwaka uliofuata dola mtaani iliuzwa kwa zaidi ya mara mbili ya bei rasmi. Mchezaji wa kigeni hudai dola. Wa nyumbani hulipwa faranga. Chukua mfano wa mkataba unaosema dola 500 kwa mwezi, bila kusema zaidi. Klabu ikilipa kwa faranga kwa bei ya benki, imetimiza neno lake, na mchezaji amepokea chini ya nusu ya alichodhani ameahidiwa. Hakuna aliyedanganya. Kilichokosekana ni mstari mmoja: kwa bei ipi, siku ipi. Na ukomo wa mishahara ungehesabiwa kwa bei ipi?

"MALI BILA DAFTARI"

Ukiuvuka mji kutoka kando ya Ziwa Tanganyika kuelekea Buyenzi, unaingia kwenye mtaa ambako Kiswahili ndicho lugha ya barabarani, ya mafundi magari na ya wachuuzi wa soko la Ruvumera. Huko mikataba ya kila siku hufungwa kwa neno na shahidi. Fundi huachiwa gari, anataja bei, gari linarudi. Mfumo huo unafanya kazi kwa sababu fundi na mteja wataonana tena kesho. Lakini watu wa mtaani humo pia wanaujua msemo wa wafanyabiashara wa pwani, kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Katika kikapu, neno na shahidi havitoshi, kwa sababu mmoja wa waliopeana neno huondoka. Hapa kuna jambo ambalo viongozi wa klabu hawalipigii hesabu vya kutosha: mkataba usioandikwa unaiumiza klabu kama unavyomuumiza mchezaji. Mchezaji anapohama nchi, FIBA hutaka kibali kutoka shirikisho anakotoka. Kanuni inalipa shirikisho sababu moja tu ya kukataa kibali hicho, nayo ni kuwa mchezaji bado anabanwa na mkataba halali. Klabu iliyomlea kijana tangu akiwa na miaka 15, ikampa viatu na nauli, lakini haikumpa karatasi, haina cha kumwonyesha mtu. Kigali au Kampala wakimwita akiwa na miaka 19, ataondoka na kibali chake mkononi. Kama ni kulalamika, klabu italalamikia kikombe cha chai.

Kwa upande wa mchezaji, mambo ni mabaya zaidi. Burundi ina Sheria ya Kazi iliyopitishwa Novemba 2020, na ina mfuko wa hifadhi ya jamii, INSS. Mtu mwenye mkataba wa ajira anaweza kubisha hodi huko. Mtu anayeitwa mchezaji wa ridhaa, anayepokea kinachoitwa posho, anabisha mlango wa nani? Goti likipasuka mwezi Machi, posho ya Aprili ni suala la huruma. Neno "posho" limeokoa klabu nyingi za ukanda huu na madeni, na limewaacha vijana wengi wakiwa na makovu bila fidia.

Kwa mchezaji wa kigeni kuna mlango mwingine. Tangu mwaka 2007 FIBA ina baraza lake la usuluhishi, linalojulikana leo kama BAT, lenye makao ya kisheria Geneva, Uswisi. Msuluhishi mmoja husikiliza kesi na huamua kwa kufuata haki na usawa, bila kufungwa na sheria ya nchi fulani. Uamuzi wake una meno: klabu isiyolipa inaweza kuzuiwa na FIBA kusajili wachezaji wapya. Mawakala wa Marekani huweka kifungu cha BAT kwenye mikataba yao kama watu wanavyoweka chumvi kwenye mboga.

Kifungu hicho hakijiweki chenyewe, lakini. Lazima kiandikwe. Kesi huendeshwa kwa Kiingereza, ada hulipwa kwa euro, na kama mdaiwa hatoi sehemu yake ya gharama za awali, mdai huzibeba zote mbili ili kesi iendelee. Kwa Mmarekani anayedai dola 20,000, inalipa. Kwa mchezaji wa Buyenzi anayedai miezi minne ya faranga, gharama ya kufungua mlango ni kubwa kuliko kilichomo ndani. Hivyo ndani ya timu moja, kwenye benchi moja, kunakuwa na wachezaji wa aina mbili: yule ambaye klabu inamwogopa na yule ambaye klabu inamwomba avumilie.

PASIPOTI KABLA YA PESA

BAL yenyewe haikuweka ukomo wa mishahara wa aina ya NBA, ingawa NBA ni mmoja wa wazazi wake, pamoja na FIBA. Ilichoweka ni hesabu ya pasipoti. Katika msimu wa kwanza, kila kikosi cha wachezaji 13 kilitakiwa kuwa na raia tisa wa nchi ya klabu, na wageni wasiozidi wanne, wawili tu kati yao kutoka nje ya Afrika. Nia ilikuwa kulinda vipaji vya nyumbani, na ni nia njema.

Lakini hesabu ya namna hiyo inamweka Mtanzania anayecheza Bujumbura kwenye fungu moja na Msenegali. Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika Julai 1, 2010, na ibara yake ya 10 inazungumzia uhuru wa wafanyakazi kuhama na inakataza ubaguzi wa uraia katika ajira na malipo. Utekelezaji wake umefungwa na orodha za aina za kazi ambazo kila nchi ilikubali kufungua, na haukuandikwa ukiwa na wachezaji akilini. Hata hivyo swali halikwepeki: mchezaji wa kulipwa ni mfanyakazi au siye?

Ulaya walilijibu, na walilijibu kwa kesi ya kikapu. Jyri Lehtonen, Mfini, alisajiliwa na klabu ya Ubelgiji mwaka 1996 baada ya tarehe ya mwisho ya usajili. Shirikisho la Ubelgiji likaiadhibu klabu kwa kumchezesha. Kumbe wachezaji waliotoka nje ya kanda ya Ulaya walikuwa na tarehe ya mwisho ya mbali zaidi kuliko wale wa Ulaya wenyewe. Aprili 2000 Mahakama ya Ulaya ikasema kwamba mchezaji wa kulipwa anaweza kuhesabiwa mfanyakazi, na kwamba kanuni inayombana raia wa jumuiya kuliko mtu wa mbali haikubaliki bila sababu za kimichezo zinazoeleweka. Zaidi kidogo ya miaka minne kabla ya hapo kesi ya Bosman ilikuwa imefanya kazi hiyo kwenye soka.

Afrika Mashariki haina haja ya kungoja mtu aburuzwe Arusha. Mashirikisho ya nchi za Jumuiya yanaweza kukubaliana kwamba katika ligi zao za ndani, raia wa nchi mwanachama asihesabiwe kama mgeni. Klabu za Bujumbura zingeweza kuchukua kijana wa Kigoma au Uvira, ng'ambo ya ziwa, bila kupoteza nafasi ya Mmarekani. Ni kweli kwamba mlango huo unafunguka pande zote mbili, na Dar es Salaam yenye pesa zaidi ingeweza kuchota zaidi kuliko inavyotoa. Ndiyo maana karatasi inatakiwa itangulie.

KINACHOWEZA KUFANYIKA MSIMU HUU

Mengi ya yanayohitajika hayagharimu chochote isipokuwa utashi. Shirikisho la Burundi, FEBABU, kama mashirikisho jirani, ndilo lenye kitabu cha usajili. Linaweza kusema kwamba jina lisilo na mkataba ulioandikwa haliingii kitabuni. Mkataba wenyewe uwe mmoja kwa klabu zote, kurasa tatu au nne, kwa Kifaransa na Kirundi, na kwa Kiswahili pia, kwa kuwa kuna wachezaji ambao Kifaransa chao kiliishia darasani. Nakala moja kwa mchezaji, moja kwa klabu, moja kwenye kabati la shirikisho. Useme kiasi, sarafu, bei ya kubadilishia na tarehe ya malipo. Useme nani analipa hospitali. Useme kwamba mchezaji asiyelipwa kwa siku 60 yuko huru kuondoka, na klabu inayomdai naye ina haki ya kuzuia kibali chake.

Fedha ni ngumu zaidi. Ufaransa, ambako sheria nyingi za Burundi zina ndugu zake, ligi ya kikapu ina chombo cha kukagua hesabu za klabu kabla ya msimu. Klabu isiyoonyesha mishahara yake itatoka wapi inaweza kupunguziwa bajeti, kushushwa daraja au kunyimwa ruhusa ya kucheza. Hilo ni ukomo wa aina nyingine: usiahidi usichonacho. Kwa Bujumbura ungekuwa na maana kuliko kiwango kimoja cha kuwabana wote. Klabu yenye milioni kumi iahidi kumi, na yenye mia iahidi mia, lakini kila moja iweke mishahara ya miezi miwili kwenye akaunti ya dhamana kabla ya mechi ya kwanza. Timu ikiyeyuka katikati ya msimu, kama zinavyoyeyuka, wachezaji wana cha kugawana.

Wapo watakaosema masharti hayo yataua klabu ndogo, na hofu yao si ya kupuuzwa. Klabu inayoishi kwa michango haiwezi kuzuia fedha za miezi miwili. Basi na iseme wazi kwamba ni ya ridhaa, wachezaji wake wawe huru kuondoka wakati wowote, na isiwaahidi mishahara. Kati ya klabu inayosema haina na klabu inayosema inayo kumbe haina, ya pili ndiyo iliyowafanyia vijana ubaya zaidi.

Baada ya misimu miwili au mitatu ya vitabu vilivyokaguliwa, ndipo itajulikana kikapu cha Burundi kinaingiza kiasi gani: viingilio, wadhamini, zawadi. Hapo mtu anaweza kukaa mezani na kusema nusu ya hiki ni ya wachezaji, na dari iwe hapa. Leo hesabu hiyo haipo, na dari itakayowekwa itakuwa imekisiwa.

Kipo kifungu kimoja zaidi, kifupi kuliko vyote, ambacho kinaweza kuingizwa kwenye mkataba kesho asubuhi bila kikao: timu ikizuiwa au ikikataa kucheza kwa sababu isiyotokana na mchezaji, malipo yake yanaendelea kama vile amecheza. Kanuni za FIBA huiandikia timu isiyotokea uwanjani 20 kwa 0. Dynamo ilirudi kutoka Pretoria ikiwa na ushindi wa 86 kwa 73, na mechi mbili za aina hiyo.